Kinyozi Aliyeitikia kwa Kichwa

Mtu wa kwanza kuniambia kwamba nina pua nzuri alikuwa Tokuji, na aliniambia kwa ngumi. Aliweka ngumi yake puani, akaivuta mbele kama mtu anayevuta uzi, na tangu siku hiyo, tukiwa na miaka saba bwenini, hilo ndilo jina langu la ishara katika mji wote wa Hinokura. Wenye wivu watakwambia kwamba kwetu ngumi ya puani maana yake mtu wa majigambo. Usiwasikilize. Mimi siwasikilizi kwa sababu mbili: kwanza wana wivu, pili mimi ni kiziwi.

Jina la Tokuji mwenyewe ni vidole viwili vinavyokatakata hewa kando ya sikio, maana ni kinyozi. Wenye masikio humwita Bwana Kuwahata. Shule yetu ya viziwi ilikuwa na ufundi wa aina tatu tu: kushona, useremala na unyozi. Mimi nilipewa useremala kwa sababu ya akili zangu nyingi. Yeye alipewa unyozi kwa sababu mkono wake haukutetemeka. Mitsue, binti wa bweni la pili, alipewa cherehani, na baadaye akapewa Tokuji, ingawa mimi nilikuwepo na pua yangu. Hadi leo namwita shemeji, na hadi leo sielewi alikosea wapi.

Lakini ufundi tuliousomea zaidi ya yote ulikuwa kuitikia kwa kichwa. Mikono ilikatazwa darasani. Ukiinua kidole kusema jambo, rula inakushukia. Kazi yetu ilikuwa kutazama midomo ya mwalimu ikifunguka na kufumbika kama ya samaki sokoni, na mwisho anauliza kama tumeelewa. Asiyeitikia anabaki darasani wenzake wakienda kula. Katika miaka tisa mimi nilielewa labda mambo manne, na niliitikia mara elfu arobaini. Ndiyo maana nasema, kama seremala, kwamba shingo ya kiziwi wa umri wetu imefungwa bawaba. Ukimsogezea mdomo tu, kichwa kinakwenda chini.

Tokuji alifungua duka lake karibu na stesheni akiwa na miaka ishirini na sita. Viti viwili, jiko la mafuta, na kioo kinachofunika ukuta mzima, ambacho fremu yake niliitengeneza mimi na haijapinda hata leo. Kioo hicho ndicho kilikuwa baraza letu. Kinyozi kiziwi hawezi kunyoa na kuzungumza kwa pamoja, mikono ni ile ile miwili. Akitaka kusema anaweka mkasi chini, anakuonyesha neno lake kupitia kioo, unamjibu kupitia kioo, anachukua mkasi tena. Kunyoa kichwa kama changu, chenye nywele tele hata sasa nina miaka sabini na minne, kulichukua saa mbili, na saa moja na nusu ilikuwa umbea.

Dirisha namba tatu la manispaa lilizaliwa katika duka hilo. Zamani kiziwi wa Hinokura akienda manispaa alikuwa anaandikiana karatasi na karani, na sisi kusoma kwetu ni kwa kubahatisha. Mimi mwenyewe niliwahi kwenda kuomba leseni ya mbwa nikatoka na fomu ya mazishi. Tokuji akasema basi, manispaa iajiri mkalimani wa lugha ya ishara, akae dirishani kila siku ya kazi. Miaka minne tulikusanya saini. Tokuji alikuwa anamlaza mteja kitini, anamfunika uso kwa taulo la moto, anamnyoa kidevu, kisha anamwekea karatasi na kalamu kifuani wembe ukiwa bado karibu na koo. Hakuna aliyekataa. Diwani mmoja alitia saini mara mbili.

Akaja Bi Hanyuda. Wazazi wake wote wawili walikuwa viziwi waliosoma shule yetu, kwa hiyo alikuwa na ishara zetu za bwenini, zile zisizomo kitabuni. Miaka kumi na tisa amekaa dirisha namba tatu. Anakwenda nasi hospitali, anakwenda nasi benki, alisimama kando ya jeneza la mama yangu akanitafsiria kila neno la kasisi wa Kibudha, hata yale yasiyo na maana.

Sasa, mwezi wa Februari mwaka jana, manispaa ikatuita kikao. Chama cha viziwi kina watu kumi na wawili, Tokuji ndiye mwenyekiti, tukapandishwa chumba cha juu, tukapewa chai na machenza. Mkuu wa idara alikuwa Bwana Nagumo, kijana mstaarabu wa rika la watoto wetu, anayeinama sana na kutabasamu zaidi. Akawasha mashine ya picha, akazima taa.

Hilo nataka ulishike. Wenye masikio wakitaka kuonyesha picha ukutani huzima taa, na sisi tunabaki hatuna masikio wala macho. Bi Hanyuda alikuwa amesimama pembeni akitafsiri, lakini alikuwa kivuli chenye mikono. Mimi, macho yangu ni ya mwewe, niliambulia neno hapa na pale: mashine, Aprili, rahisi, popote. Ukutani kulikuwa na picha ya kishikwambi juu ya stendi, na ndani yake msichana anatabasamu. Kisha Nagumo akamgeukia Tokuji, mdomo ukafunguka na kufumbika. Tokuji akaitikia kwa kichwa. Akaitikia tena. Mara ya tatu akaitikia na kuinama kidogo, kama mtu aliyeridhika.

Na sisi? Bendera hufuata upepo. Mwenyekiti ameitikia, na mwenyekiti ndiye mwenye akili, kwa hiyo ana mpango. Vichwa kumi na kimoja vikashuka gizani. Changu kilishuka cha kwanza. Sijawahi kushindwa katika jambo hilo.

Taa zilipowaka nilimwona Bi Hanyuda. Uso wake ulikuwa mweupe kama karatasi. Mkalimani hasemi lake, hiyo ndiyo sheria ya kazi yao. Alikuwa ametafsiri kila neno lililosemwa, na lililosemwa ni kwamba kuanzia Aprili dirisha namba tatu litafungwa, yeye mwenyewe ataondoka, na mahali pake kitawekwa kishikwambi chenye mkalimani aliyeko mji mkuu wa mkoa. Viziwi wote wa Hinokura wamekubali.

Tulisimama nje kwenye theluji tukaulizana, na nakwambia, kundi la viziwi wazee wakigombana kwa mikono yenye glovu ni jambo la kutia huruma. Kila mmoja alimuuliza mwenzake kwa nini umeitikia, na kila mmoja akajibu nilikufuata wewe. Msururu ukaenda mpaka kwa Tokuji. Mitsue akamshika mumewe bega, akamuuliza yeye alimfuata nani.

Tokuji akavua miwani, akaifuta theluji. "Nitawaambia," akasema. Hakutuambia. Akaondoka peke yake, akamgonga mzee wa posta aliyekuwa anapita zake, hata hakuomba radhi.

Nilichanganyikiwa, na mimi si mtu wa kuchanganyikiwa. Huyu ndiye aliyezaa dirisha lile. Nikawaza labda ameahidiwa kitu. Nikawaza uzee umempanda kichwani. Nikawaza labda amempenda yule msichana wa kwenye mashine, maana alikuwa na mashavu mazuri, lakini shemeji aliponiuliza mawazo yangu sikumtajia hilo. Yeye alikuwa na lake: alidhani mumewe anakunywa kwa siri. Alisema siku hizi anajigonga kwenye mlango wa kabati, anamimina chai pembeni ya kikombe, na jioni hataki kutoka. Nikamwambia huo ni ulevi kabisa, mimi nina uzoefu. Basi tukawa na mlevi msaliti, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumsikia harufu ya pombe.

Baraza la madiwani lilikuwa linakaa baada ya wiki mbili kupitisha jambo hilo. Nilikwenda manispaa mwenyewe kusema hapana. Bwana Nagumo akainama, akanionyesha muhtasari wa kikao, umeandikwa vizuri, una mihuri minne: wanachama kumi na wawili walihudhuria, wote kumi na wawili walikubali. Bi Hanyuda akanitafsiria mwenyewe, mikono imetulia kama haimhusu. Nikamuuliza kando yeye anaonaje. Akanijibu kwamba swali hilo nimuulize mtu mwingine.

Nikatoka pale nimevimba, nikaenda moja kwa moja dukani kwa Tokuji, nikakaa kitini bila salamu. Akanifunga shuka shingoni. Akaanza kukata. Nami nikaanza kusema, kupitia kioo, kama tulivyofanya miaka arobaini na minane. Nikamwambia ameuza dirisha. Mkasi ukaendelea. Nikamwambia amemuuza Bi Hanyuda, ambaye baba yake alitufundisha kuiba viazi vitamu jikoni mwa bweni. Mkasi ukaendelea. Nikamwita mlevi. Nikamtaja mama yake, Mungu amrehemu, na sitaandika hapa nilivyomtaja. Mkasi ukaendelea, na uso wake kiooni ulikuwa mtulivu, hata ulikuwa kama unacheka kidogo.

Nimetukanwa na watu wengi, lakini kudharauliwa kiasi hicho sijawahi. Nikageuka ghafla ili nimwambie ana kwa ana. Mkasi ukachukua kipande cha sikio langu.

Katika miaka arobaini na minane mkono ule haujawahi kumtoa mtu hata tone. Damu ikamwagika kwenye shuka jeupe. Tokuji akaendelea kukata, akakata hewa mara mbili, tatu, mpaka vidole vyake vikagusa umajimaji akasimama.

Shemeji Mitsue alikuwa mlangoni na sufuria ya maji moto. Alipiga mguu sakafuni, ule mpigo tunaoitana nao, na Tokuji akageuka upande wake, kwa kuwa sakafu aliisikia nyayoni. Lakini Mitsue akaweka sufuria chini, akanyanyua mkono, akaupunga polepole kando ya shavu la mumewe. Kulia. Kisha kushoto. Tokuji alikuwa anatazama mbele, anangoja aambiwe jambo.

Hapa ningependa kusema kwamba mimi ndiye niliyegundua. Nimeshawaambia watu wengi hivyo. Ukweli ni kwamba mimi nilikuwa nimeshika sikio langu nikidhani kwamba hao wawili wamerukwa na akili.

Mitsue akamshika mikono, akaiweka juu ya mikono yake, akamuuliza polepole. Tokuji akamjibu. Kuona kwa pembeni kulikuwa kumekwenda zamani, akasema, miaka mitatu sasa. Kati kulikuwa kumebaki tundu dogo, na tundu nalo lilikuwa linaziba. Mwanga ukipungua haoni kitu. Alikuwa ananyoa kwa kukumbuka.

"Ungeniambia," Mitsue akasema.

"Ningekwambia, ungeninyang'anya wembe."

"Ndiyo, ningekunyang'anya."

"Unaona," akasema Tokuji.

Nikaja mbele, nikamshika mikono na mimi, nikamuuliza kuhusu kikao. Alikuwa ameona nini siku ile? Akasema aliona giza, na gizani aliona meno ya Nagumo. Meno yalipoacha kusogea akajua ameulizwa swali. Basi kichwa kikajibu chenyewe. Nikamuuliza mbona alirudia mara tatu. Akasema meno yalikuwa hayajaridhika.

Nilicheka. Damu inanitoka sikioni, dirisha letu limekufa, rafiki yangu anapofuka, nami nilicheka mpaka nikakaa chini. Mitsue hakucheka. Alikuwa anatazama mikono ya mumewe iliyokuwa juu ya yake, na nikaona amefika mahali ambapo mimi nilikuwa bado njiani: kwamba kuanzia sasa Tokuji ataelewa tu kile anachoweza kukigusa.

Ijumaa tukaenda dirisha namba tatu, sisi watatu. Kishikwambi kilikuwa kimeshafika, kiko juu ya stendi yake kwa majaribio, na Bi Hanyuda amekaa nyuma yake kama mgeni. Nagumo alifurahi kutuona. Alidhani tumekuja kujaribu, akawasha mwenyewe. Msichana akatokea kwenye kioo, akainama, akaanza kusema kwa mikono.

Mimi nilijaribu kwanza, kwa heshima ya pua yangu. Ishara zake zilikuwa safi sana, za kitabuni, kama nguo iliyotoka kupigwa pasi. Aliniuliza nina shida gani. Nikamjibu kwa ishara zetu. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akatabasamu, akaitikia kwa kichwa. Nikamwonea huruma, nilijua hasa alichokuwa anafanya.

Kisha Mitsue akamsogeza Tokuji mbele. Akasimama, akageuza kichwa huku na huku kama kuku anayetafuta punje. Akanyoosha mkono. Vidole vyake vya kinyozi vikapita juu ya kioo, juu ya uso wa yule msichana, vikashuka mpaka kwenye mikono yake iliyokuwa inasema, vikapapasa. Ndani, msichana aliacha mikono hewani, hajui afanye nini. Tokuji akazunguka nyuma ya kishikwambi. Akapapasa huko nako.

"Mwanangu," akamwambia Nagumo, "huyu nimshike wapi?"

Nagumo akamtazama Bi Hanyuda ili atafsiriwe. Tokuji naye alikuwa ameshampata Bi Hanyuda, ameshika mikono yake yote miwili juu ya kaunta.

"Niliitikia kitu nisichokiona," akasema, na akayasema ndani ya viganja vya Bi Hanyuda. "Nimefanya hivyo tangu nina miaka saba. Hawa kumi na mmoja walinifuata mimi. Kile kichwa changu kifute kwenye karatasi yako."

Bi Hanyuda mikono yake ilikuwa imeshikwa, kwa hiyo ilibidi atumie mdomo. Nikamtazama midomo. Maneno ya Tokuji yalikuwa machache, nimekuandikia yote. Lakini Bi Hanyuda aliongea muda mrefu. Aliongea, akanyamaza, akaongea tena, na shingo yake ikawa nyekundu. Nagumo aliacha kutabasamu. Mara ya mwisho kuiona midomo ikienda hivyo nilikuwa darasani, na kama darasani, sikuambulia kitu. Mpaka leo sijui alisema nini. Nimemuuliza mara nyingi, hata nimempelekea machenza. Jibu lake ni lile lile: alitafsiri tu.

Barua ya manispaa ilikuja mwisho wa Machi. Ina ukurasa mmoja na nusu na mihuri sita. Tuliisoma wote kumi na wawili dukani kwa Tokuji, tukapata barua kumi na mbili. Mmoja alisema tumeshinda. Mwingine alisema tumeongezewa muda wa kufa. Nilivyoelewa mimi, na kuelewa kwangu ndiko bora, dirisha litabaki siku tatu kwa wiki, kishikwambi kitakaa siku mbili, na baada ya mwaka watatathmini. Watatathmini nini, haikusema. Tulipompelekea Bi Hanyuda atutafsirie, naye aliisoma mara mbili, akakuna kichwa.

Watu huniuliza kama kampeni yetu ilifaulu. Sijui niwaambie nini. Bi Hanyuda yuko dirishani Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na viziwi wawili kutoka mji wa jirani, ambao nao macho yanawaacha na walikuwa hawatoki ndani, siku hizi wanaletwa na wake zao kumshika mikono. Jumanne na Alhamisi msichana wa kwenye kioo anatabasamu pale peke yake. Jambo moja tumelipata bila ubishi: manispaa hawazimi tena taa tukiwa kikaoni. Picha zao za ukutani hazionekani, nao wanalalamika kwamba hawaelewi kitu.

Duka limefungwa, wembe umefungiwa kabatini na ufunguo uko kwa shemeji. Lakini kichwa kimoja bado ananyoa, changu, kwa mashine ya umeme, kwa kupapasa. Matokeo yake nisingependa kuyazungumzia. Mitsue anasema sasa nafanana na kiazi kilichomenywa na mtu mwenye haraka.

Juzi nilikuwa kitini pale, amemaliza, nikamshika mikono nikaanza kumsimulia jinsi nilivyowashinda manispaa. Nilimsimulia vizuri, kwa kirefu, yeye viganja vyake juu ya vyangu. Nilipomaliza nikamuuliza, kwa mazoea tu, kama ameelewa. Nikangoja kile kichwa kishuke.

Hakikushuka. Miwani yake ilielekea kwenye kioo asichokiona.

"Hapana," akasema. "Sijaelewa. Rudia."

Nikarudia. Nilipofika katikati nikagundua kwamba hata mimi sijui vizuri tulishinda wapi, nikamwambia hivyo, na yeye akanibana vidole, akaniambia niendelee.